Nusu Saa Mlangoni

Dada yangu Mitchelle ni fundi wa nguo katika soko la Mowlem, Nairobi, kibanda cha tatu ukitokea barabarani. Ukipita pale utasikia cherehani yake kabla hujamwona. Hushona sare za shule na kanzu za kwaya. Kama kwaya yenu ina mtu mnene ambaye kila kanzu humbana makwapani, mpelekeeni. Atampima mara mbili, atamtania kidogo, na kanzu itamkaa.

Ana miaka thelathini na sita. Mimi ni kaka yake, Kweyu, nimemzidi miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ni kuchuna mbuzi katika machinjio ya Kiamaiko, shule niliishia darasa la nane, na maneno mengi sina. Lakini nataka kueleza miezi minne aliyokaa kwangu mtaa wa Lucky Summer mwaka jana, kwa sababu nusura apoteze kitu alichokitafuta maisha yake yote, na aliyekaribia kumpotezea ni mimi. Ameyasoma haya yote, akaniambia niyaache jinsi yalivyo.

Alipozaliwa walisema ni mvulana. Kule kwetu Butere tulimlea hivyo, mimi mwenyewe nikamfundisha kufunga ng'ombe na kupanda mti wa mapera. Alipokuja Nairobi akaanza kuishi kama mwanamke, na mimi nikanyamaza. Sikumtukana wala sikumfukuza. Ila jina la zamani alilikataa na hilo jipya lilinishinda mdomoni, kwa hiyo kwa miaka minane nilimwita "wewe". Wewe, umekula? Wewe, mama anakusalimia. Aliitika bila kulalamika. Mke wangu Asenath alimwita Mitchelle kuanzia siku ya kwanza. Aliniambia, "Baba Masinde, jina halitozwi. Si umpe tu?" Sikuweza.

Alijinyima miaka mingi, halafu akaenda India akafanyiwa upasuaji. Alirudi mwezi wa pili, wiki nne baada ya kupasuliwa, akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Chumba chake cha Mowlem kiko ghorofa ya nne, na bafu ni moja kwa milango minane. Asenath hakuniuliza. Alimwendea, akamletea mablanketi yake, akampa chumba chetu cha ndani. Mtoto wetu Masinde yuko shule ya bweni, kwa hiyo sisi wawili tulihamia sebuleni, tukalala kwenye godoro chini ya meza. Kati ya chumba na sebule pana pazia. Kati ya sebule na uwanja wa ploti, unaotumiwa na wapangaji wote, pana mlango wa mabati. Kumbukeni huo mlango.

Alikuja na kibeti cheusi cha zipu. Ndani mlikuwa na vijiti vinne vya plastiki ngumu, cha kwanza chembamba kama kidole, na kila kinachofuata kinene kuliko mwenzake. Vyote vina nukta ubavuni, za kupimia. Daktari alikuwa amemtengenezea uke, na mwili haujui kwamba ile ni njia. Unaona kidonda, unataka kukifunga. Kwa hiyo miezi ya kwanza mgonjwa hulala chali, akapaka jeli, akaingiza kijiti taratibu na kukaa nacho nusu saa, mara tatu kila siku, ili njia isizibe. Baadaye huwa mara moja kwa siku, na baadaye zaidi mara chache kwa wiki.

Leo naweza kuyaandika hayo. Siku aliyotukalisha atueleze, alipofungua zipu tu, niliinuka nikasema naenda kuteka maji.

"Maji gani, na ndoo zote zimejaa?" Asenath akauliza.

Nilibeba sufuria. Nilikaa bombani mpaka nikahisi mazungumzo yameisha, nikarudi na sufuria ya maji ambayo hayakuwa na pa kumwagwa. Asenath alicheka. Mitchelle hakucheka, alifunga zipu polepole.

Kwa hiyo mimi nilijua sauti tu. Nilijua kwamba mara tatu kwa siku pazia hufungwa na redio huongezwa sauti. Nikitega sikio nilisikia, katikati ya matangazo ya vifo na ya dawa za meno, mtu anavuta pumzi kwa meno. Kisha redio hupunguzwa, Asenath huingia na beseni, na Mitchelle hutoka amelowa jasho usoni kama aliyepanda mlima.

"Umefika nukta ya ngapi?" Asenath humuuliza kwa sauti ya chini.

"Ya tano. Ile ya sita inakataa."

"Itakubali tu."

Mimi wakati huo nitakuwa nimeangalia kalenda ukutani.

Mwezi wa tatu mama mkwe alianguka kule Vihiga akavunjika mguu. Asenath alifunga mizigo asubuhi hiyo hiyo. Akiwa mlangoni aliniambia, "Mwangalie Mitchelle. Akikuambia kitu, msikilize. Usikimbilie bombani."

Nikasema sawa.

Siku ya pili baada ya Asenath kuondoka, nilikuwa natengeneza chai. Mitchelle aliita kutoka nyuma ya pazia, kama anavyoniita mimi kaka yake. "Brathe."

"Naam."

"Kuna damu kidogo kwenye taulo. Na leo inauma vibaya."

Hapo sasa nieleze sisi watu wa Kiamaiko tulivyo. Machinjioni pale, Abukar hukata, kwa sababu yeye ni Mwislamu na nyama lazima iwe halali. Mimi na wenzangu tunachuna. Kila mmoja wetu ana makovu mikononi, na kila mmoja ni daktari wa kujikata. Ukijikata unaosha, unafunga kitambaa safi, halafu hugusi. Anayefungua kila saa aone kama kimepona ndiye atakayeishia kutunga usaha. Hilo tunamfundisha kila mgeni siku ya kwanza, kabla hata hajapewa kisu. Kwa hiyo niliposikia damu, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na jambo katika habari hii ninalolijua.

"Acha kwanza," nikasema. "Kidonda hakichokorwi. Pumzika siku chache, kikauke."

"Daktari alisema nisiache hata siku moja."

"Daktari yuko India. Damu iko hapa."

Aliniambia baadaye kwamba hakuniamini. Lakini alikuwa amechoka. Siku arobaini za kuumia mara tatu kwa siku, na hapa kaka mtu anamwambia kwa sauti ya hakika apumzike. Alitaka sana kuambiwa hivyo. Akazima redio akalala.

Siku nne zile zilikuwa nzuri. Alikula ugali akamaliza. Alitoka akaota jua uwanjani, akarekebisha zipu ya sketi ya jirani yetu Njoki akiwa amekalia mto. Damu ilikauka. Mimi nilitembea Kiamaiko kifua mbele kama aliyefungua zahanati.

Siku ya tano, saa nane mchana, pazia lilifungwa tena na redio ikawashwa. Nilikuwa nachambua maharagwe. Baada ya dakika chache redio ikazimwa.

"Kweyu." Hakuniita brathe. "Inafunga."

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Si ndiyo vizuri? Ndiko kupona huko."

Kisha akaongea polepole, jinsi mtu anavyomweleza mtoto. "Kile cha pili kilikuwa kinafika nukta ya tano. Sasa kinagoma ya pili. Hata kile chembamba kinagoma ya tatu. Kweyu, ikifunga imekwisha. Hakuna kurudi India. Nilikwenda mara moja, na nimemaliza kila kitu. Ikifunga, mateso yote yale yalikuwa ya bure."

Akaanza kulia. Maharagwe yalikuwa yamemwagika mapajani kwangu, na mimi nilikuwa nimekaa tu. Ndipo nilipoelewa nilichokimbia siku ile nikiwa na sufuria.

Alimwandikia daktari kwa simu. Jibu lilikuja jioni: aanze upya na kile chembamba, asilazimishe, na atafute mhudumu wa afya amwangalie upesi, kwa sababu kila siku inayopita njia inazidi kukaza. Alijaribu usiku ule na asubuhi. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyobana, na kadiri alivyobana ndivyo alivyoumia. Nilimwambia twende hospitali. Akakataa kabisa. Kuna mahali aliwahi kwenda na homa tu, miaka ya nyuma, wakamwita kwa jina la kwenye kitambulisho mbele ya foleni nzima, na benchi likacheka. "Siendi kulazwa kitandani watu waitane waje kuona," akasema.

Nilimpigia Asenath. Nilimweleza yote, pamoja na ushauri wangu wa kidonda.

"Baba Masinde."

"Naam."

"Ulimtibu kama mbuzi?"

Nikahamisha simu sikio la pili.

"Haya. Unamkumbuka sista Falis, mkunga wa pale nyuma ya soko la mbuzi? Yule aliyenizalisha, akanishona? Yule mdomo wake haubebi habari. Nenda kwake."

"Si umpigie wewe?"

"Amebadilisha namba. Na aliyeharibu ni nani? Nenda wewe."

Zahanati ya Falis ni vyumba viwili vilivyopakwa rangi ya samawati. Kesho yake nilitoka kazini mapema nikaenda nikiwa na gambuti zangu za machinjioni miguuni. Ndani kulikuwa na wanawake sita kwenye benchi, wote na matumbo. Wote wakaniangalia. Nikatoka. Nikarudi. Mmoja akasogea akaniuliza, "Baba, umeleta mgonjwa ama wewe ndiye mgonjwa?" Wengine wakacheka, nikatoka tena. Abukar, aliyekuwa anakunywa chai ng'ambo, akanipigia kelele, "Kweyu! Unamvizia nani hapo? Ingia ama uondoke, unawatisha kina mama!"

Hapo nilijua kwamba mdomo wangu hautanifikisha. Nilimwomba muuza chai kalamu, nikapasua karatasi ya sukari, nikaandika nikiwa nimeegemea ukuta. Maneno ya kwanza yalinikwamisha. Nilikuwa naandika kwa ajili ya nani? "Wewe" haiandikiki. Ukimwandikia mtu habari za mtu mwingine ni lazima umtaje. Nilisimama pale na kalamu mpaka chai ya Abukar ikaisha. Kisha nikaandika hivi:

"Sista, dada yangu alifanyiwa upasuaji kuwa mwanamke. Njia inafunga. Mimi ndiye nilimwambia aache dawa kwa kutojua. Anaogopa kuchekwa. Tafadhali njoo. Kweyu, mume wa Asenath uliyemshona."

Niliingia nikampa mkononi, nikasimama nimeangalia gambuti. Alisoma mara mbili. Falis ni mwanamke mfupi, wa umri wangu, hijabu yake huwa ya kijani kila siku. Alikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Ni lini alifanyiwa?"

"Wiki ya saba hii, sista."

"Ameacha siku ngapi?"

"Nne kamili, na nyingine kama mbili ameshindwa."

"Sijawahi kumhudumia mtu wa upasuaji huo," akasema. "Lakini wanawake wanaobana kwa hofu nimewaona kila wiki kwa miaka ishirini. Nitakuja saa nane. Nichemshie maji."

Alikuja saa nane na dakika tano, na mfuko wake wa plastiki. Akabisha, na kabla sijafika mlangoni nikasikia Mitchelle ndani akishtuka, kitanda kikalia. Falis alikisikia pia. Alisimama akauangalia ule mlango wa mabati, kisha pazia, kisha mimi.

"Wewe kaa nje," akaniambia. "Mtu asiingie."

Nilikaa kwenye ngazi. Niliwasikia wakiongea, kwanza sauti moja, kisha mbili. Baada ya muda mrefu nikasikia kitu ambacho sikukitarajia. Falis alikuwa anasoma karatasi yangu kwa sauti. Alisoma mpaka neno la tatu, na Mitchelle akasema, "Subiri. Soma tena hapo." Falis akasoma tena. Mimi niliinamisha uso magotini.

Alipotoka alikaa kando yangu kwenye ngazi, akanieleza kama mtu anayeweza kuelewa. Njia haijafunga. Imekaza kidogo, lakini kinachozuia zaidi ni misuli, maana hofu huifunga kama ngumi. Pale panapotoa damu pana nyama changa, na daktari wa upasuaji atapaangalia. Yeye Falis atamtafutia mmoja mjini, mtu mwenye adabu. Kwa sasa Mitchelle akae kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, robo saa. Atie jeli nyingi, ile ya maji ya duka la dawa, mafuta ya mgando hapana. Alale, mto chini ya kiuno, magoti yaangukie kando. Aanze na kile chembamba. Asishike pumzi. Atoe pumzi ndefu kama anayepuliza makaa. Kijiti kikikataa, asisukume wala asikitoe. Angoje hapo hapo mpaka mwili wenyewe uachie.

"Maji ya moto kwanza," nikasema.

"Ya uvuguvugu. Unaelewa kwa nini?"

Nilielewa kuliko alivyodhani. Mbuzi huchunwa akiwa bado ana joto. Ngozi ikiwa na joto unaingiza ngumi, unangoja, nayo huachia yenyewe. Ikishapoa hushika, na ukivuta utachana. Hilo sikulitamka.

"Na kitu kingine," Falis akasema. "Huo mlango. Hapa kila mtu husema hodi akiwa mguu mmoja ndani. Kila hodi, huyu dada yako anafunga mwili wote. Na ukifunga komeo mchana wataupiga mateke waulize kama mmekufa. Ni kweli?"

"Ni kweli, sista."

"Basi mlango ni wewe. Nusu saa, mara tatu. Umekaa hapa. Anayekuja unamshika kwa maneno."

"Mimi sina maneno, sista."

Alinipima kwa macho toka gambuti hadi kofia. "Tafuta," akasema.

Nilimwomba Abukar ruhusa ya kukimbia nyumbani saa tatu asubuhi, wakati wa chai. Hakuniuliza sababu. Alisema, "Nenda, nitakushikia kisu. Lakini urudi na mandazi." Saa nane na saa kumi na mbili jioni nilikuwa tayari nimetoka kazini. Nilipasha maji, nikajaza beseni, nikalisukuma chini ya pazia bila kuchungulia, kisha nikachukua kigoda nikakaa mlangoni.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mlango mbaya. Mbugua, mwangalizi wa ploti, alikuja kuangalia bomba. Nikamwambia, "Hapana." Akasema, "Hapana nini?" Nikasema, "Hapana tu." Akanisukuma bega akitaka kupita, tukabishana, na ndani kijiti kikagoma nukta ya tatu. Mitchelle alitoka amechoka, akaniambia, "Brathe, ukipigana hapo nje nasikia kama wanakuja kunitoa." Siku iliyofuata ilikuwa vile vile. Nukta ya tatu. Falis alikuwa amesema tusipoona mabadiliko ndani ya wiki, mambo yatakuwa mengine.

Siku ya tatu alikuja Njoki, na bakuli. Njoki huuza mitumba na hushiba kwa habari.

"Baba Masinde, Mama Masinde hajarudi? Nilitaka chumvi kidogo."

"Chumvi iko," nikasema, nikiwa nimepanua magoti mlangoni.

"Si nichukue basi? Najua inakaa wapi."

"Dada anapumzika."

Nilisikia neno likitoka. Njoki pia alilisikia, akainua nyusi. "Huyu dada amepumzika mwezi mzima. Kwani ana mimba? Niambie, mimi si mtu wa kusema."

Nilitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani, na kitu cha kwanza nilichokishika ni mbuzi. Nikamwambia, "Njoki, umesikia habari ya beberu aliyeingia kanisani?"

"Beberu gani?"

"Wa Kiamaiko. Jumapili iliyopita." Ilikuwa kweli, ingawa sikuwa nimemwambia mtu. "Alikata kamba, akaingia katikati ya sadaka. Kila mtu akadhani ni mtu ameleta sadaka ya Agano la Kale."

"Wewe!"

"Mzee wa kanisa akampokea. Akamshika pembe, akamshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu aliyetoa bila kujitaja. Kanisa zima likapiga makofi. Abukar amesimama nje na kofia yake ya Kiislamu, anaita kwa dirisha, 'Mchungaji, huyo ni wangu!' Mzee anamjibu, 'Ubarikiwe ndugu, tumeshaelewa ni wako, Bwana amepokea!'"

Njoki aliketi chini na bakuli lake akicheka mpaka akashika mbavu. Na nyuma yangu, ndani, nyuma ya pazia, nikasikia mtu mwingine anacheka. Alicheka kwa pumzi ndefu, akanyamaza, akacheka tena. "Na beberu alirudi?" Njoki akauliza. Sikuweza kunyamaza sasa. Nikamwambia beberu alirudi, lakini tayari alikuwa ameombewa, kwa hiyo hakuna aliyetaka kumkata. Nikamsimulia yule mnunuzi wa Githurai anayewaongelesha mbuzi kabla ya kuwanunua. Nikaendelea na mambo ambayo nilikuwa nimeyaona kwa miaka ishirini na mitatu bila kumwambia mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyeniuliza na mimi sikujua kuanza.

Redio haikuwashwa siku hiyo. Njoki aliondoka amesahau chumvi. Mitchelle alitoka baada ya muda, akasimama nyuma yangu akiwa amejifunga leso, akanionyesha vidole. Vinne.

"Nne?"

"Nne, brathe. Nilikuwa nimekwama kwenye tatu. Huyo mzee aliposema Bwana amepokea, nikacheka, nikasikia kitu kimeachia chenyewe." Alikalia mto kando yangu. Kisha akasema, "Nilikusikia ukiniita dada."

Nikasema, "Ngozi ya mbuzi pia huachia yenyewe ikiwa na joto."

Aliniangalia. "Kwa hiyo mimi sasa ni mbuzi?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo!" Akacheka tena, na safari hii nilicheka naye.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa muongeaji wa ploti. Watu walianza kuja saa nane makusudi. Mbugua alibeba kigoda chake mwenyewe. Mara nyingine nilikwama, na ndani nilisikia sauti ndogo, "Endelea, brathe," nami nikaendelea. Si kila siku ilikuwa nzuri. Kuna siku nukta zilirudi nyuma. Kuna siku alilia na nilikosa hadithi, nikasoma kwa sauti maandishi ya pakiti ya unga mpaka nusu saa ikaisha. Falis alikuja kila Jumatano bila kuitwa, akampeleka mwenyewe kwa yule daktari wa mjini, wakaingia pamoja, akarudi naye. Ile nyama changa ilitibiwa, damu ikakoma. Wiki ya tatu kile chembamba kilimaliza nukta zake. Mwezi wa tano kile cha pili kilipita ya tano kikafika ya sita, ile iliyokuwa inakataa tangu mwanzo. Siku hiyo Asenath alikuwa amesharudi. Mitchelle aliita kutoka ndani, "Sita!" na Asenath akapiga kigelegele uwanjani. Njoki akatoka mbio akiuliza ni mtoto gani.

"Ni shukrani tu, mama," Asenath akamwambia. "Piga na wewe." Njoki akapiga, bila kujua ni ya nini.

Alihamia Mowlem tena mwezi wa sita. Sasa anatumia kile cha tatu, mara moja kwa siku, saa nane, wakati wateja wanakula. Jumapili ya kwanza baada ya kuhama alimletea Falis gauni la kijani alilomshonea bila kumpima, kwa jicho tu, na likamkaa. Mimi alinishonea aproni ya turubai yenye mfuko kifuani. Ndani ya mfuko niliikuta ile karatasi ya sukari, imekunjwa. Falis alikuwa amempa Mitchelle. Sijaitoa humo.

Namshukuru Falis. Namshukuru Abukar kwa kisu na kwa kutouliza. Namshukuru mke wangu, na hata mama mkwe kwa ule mguu, Mungu anielewe, kwa sababu kama Asenath angekuwepo ningeendelea kuangalia kalenda.

Jana saa nane simu ililia nikiwa bado machinjioni, kazi imechelewa, mikono michafu. Abukar alinishikia sikioni.

"Brathe," dada yangu akasema, "leo imekuwa ngumu kidogo. Una nini?"

"Kuna kondoo amekataa kushuka kwenye pikapu tangu asubuhi," nikasema.

"Ngoja kwanza, nilale vizuri." Nikasikia kitanda. "Haya. Alikataaje?"

Nikaanza.